Pengo Kwenye Sakafu ya Vita

Mheshimiwa Meya wa Boscolapillo, Baba Paroko, Mheshimiwa Don Saverio Gargiulo mwenye jengo hili, walimu, ndugu zangu wa bendi mliokubali kunyamaza kidogo, Fundi Ermelinda Scognamiglio, wageni waalikwa mliotoka Napoli na mliotoka mbali zaidi, na ninyi majirani zangu ambao najua mmeacha mchuzi wa Jumapili kwenye moto mdogo na mmemwachia mtu msiyemwamini aukoroge: habari za asubuhi.

Naitwa Orsola Ruocco. Kwenye karakana ya Fundi Ermelinda mimi ndiye mchanganya chokaa. Nimesimama hapa kwa sababu mwenye haki ya kusimama hapa amekataa. Juzi nilimbembeleza, "Mama, siku ni yako, sema hata maneno mawili." Akanijibu bila kuinua kichwa, "Nimeshasema. Yako pale chini, mwenye macho ataona." Basi mtanivumilia mimi, ambaye mnajua nikipewa nafasi ya kusema sinyamazi kirahisi.

Mnajua pia kwamba Jumanne Fundi Ermelinda anapanda treni kwenda Torino kuishi kwa mwanawe. Magoti yamekwisha. Ameyamaliza kwenye sakafu za watu, na ya mwisho ni hii. Kwa muda mrefu tulikuwa roho juu, tukidhani ataondoka bila kuuona mlango huu ukifunguliwa, na bila kumwona hata mtu mmoja wa Boscolapillo akitembea juu ya kazi yake. Leo mlango uko wazi. Lakini ufunguo bado uko mfukoni mwa mtu mmoja, anaweza kuufunga tena jioni hii akipenda, na mtu huyo amekaa mstari wa mbele. Tangu nianze kusema hajanitazama hata mara moja. Anatazama chini, huku na huku, kama mtu aliyeangusha kifungo.

Tafuta tu, Don Saverio. Tutafika huko.

Picha hii mnaijua wote. Ile ya asili ilikuwa sakafu ya nyumba ya tajiri mmoja wa Pompei, majirani zetu wa kule chini, kabla mlima wetu wa moto haujawafunika kwa majivu. Aleksanda anaingia kutoka upande huu, kichwa wazi, juu ya farasi, na mkuki wake umeshampitia mtu. Dario, mfalme wa Waajemi, yuko kule juu ya gari lake la vita, mkono kaunyoosha, macho yamemtoka, na mwendesha gari wake anachapa farasi ili wakimbie. Siku hizi ile ya asili iko Napoli, kwenye makumbusho, nasi sote tulipelekwa kuiona tukiwa shuleni, tukaambiwa tusisogee. Fundi Ermelinda alikuwa na neno moja juu ya hilo. Alikuwa akisema, "Wameitundika sakafu ukutani. Ni sawa na kumlaza mtu akiwa wima."

Hapo ndipo yote yalipoanzia. Alitaka watu wa hapa, wanaokaa chini ya mlima uleule, wawe na vita hivyo chini ya miguu yao. Tena alivitaka vikubwa. Jiwe ambalo kwenye ile ya asili ni dogo kama punje ya dengu, kwetu ni kubwa kama kipande cha sukari ya kahawa, ndiyo maana vita vimejaa ukumbi mzima wa kiwanda cha tambi cha akina Gargiulo, kutoka dirisha la barabarani hadi kule zilikokuwa mashine. Nyeusi yote mnayoiona ni jiwe la mlima wetu. Nyeupe tuliiokota kwenye vifusi vya marumaru. Wekundu wa yule farasi wa kule nyuma, aliyetugeuzia makalio, ulitoka kwenye vigae vya jikoni kwa mama mkwe wangu, na hadi leo ananisalimia shingo upande.

Na nani waliofanya? Tazameni hawa wanawake waliosimama kando ya ukuta. Nusu yao walifungasha tambi humu ndani mpaka siku kiwanda kilipofungwa, wakaenda nyumbani na aproni zao mkononi, wakaambiwa wamezeeka mno kwa kazi nyingine. Leo wanaingia kwenye jengo lilelile wakikanyaga kitu walichokitengeneza wenyewe. Nani kati yenu ana sakafu kama hii nyumbani kwake? Meya hana. Mimi najivuna, na sioni aibu kusema kwamba najivuna.

Sasa, ili mnielewe nitakayosema, lazima mjue tulivyofanya kazi. Vijiwe hubandikwa juu ya kitambaa kwa gundi ya unga na maji, uso ukiwa chini, mgongo ukiwa juu. Ukifanya kazi huoni picha. Unaona migongo ya mawe. Kipande kikikauka kinaandikwa namba yake, kinaegemezwa ukutani, na siku yake ikifika kinageuzwa juu ya chokaa mbichi, na hapo ndipo ninapoingia mimi, kinagongwa taratibu, kitambaa kinaloweshwa na kumenywa. Ndipo sura inatokea, wala si kabla.

Jambo la pili ni pengo. Ile picha ya asili imepasuka na kupoteza sehemu kubwa, upande huu wa Aleksanda, na hakuna anayejua palikuwa na nini. Farasi wangapi? Nyuso za akina nani? Vilipotea. Kwetu sisi, kwa ukubwa tulioutaka, pengo hilo lilitoka pana kama sebule na vyumba viwili. Mji mzima ukakutana kuamua tulijaze vipi, na mnakumbuka kikao kile. Baba Paroko alimtaka Mtakatifu Anna. Vijana wa baa ya kituoni walimtaka yule mchezaji wetu wa jezi namba kumi, apigane upande wa Aleksanda. Mtu mmoja, simtaji, alipendekeza mbwa wake.

Fundi Ermelinda aliwasikiliza wote, kisha akasema, "Pale patakuwa chokaa tupu ya kijivu. Tunapojua tunaweka jiwe. Tusipojua tunanyamaza. Nikiweka mtu pale nimewadanganya watoto wenu." Akatoka kwenda kunywa kahawa. Kikao kikaisha hivyo.

Kwa wengine wote kiliisha. Kwa Don Saverio hakikuisha.

Don Saverio, nakusifu mbele ya watu, na sifa zangu unazijua zilivyo. Jengo hili ulitupa bila kudai chochote. Ulitaka kitu kimoja tu: uso wako uwemo ndani ya lile pengo, juu ya farasi, karibu na Aleksanda. Ukaambiwa hapana. Mtu mwingine angenuna wiki moja yakaisha. Wewe hukununa. Uliichukua nakala ya ramani ya vipande vyetu, ukaipeleka ng'ambo ya milima, Ujerumani, kwa karakana usiyowahi kuikanyaga, ukawaambia wakutengenezee kipande kinachokosekana, na picha yako ukawapa.

Wajerumani ni watu makini. Waliisoma ramani. Wakaona kipande cha kumi na tano, cha kumi na sita, cha kumi na nane. Wakasema, aha, kumbe kinachokosekana ni hiki. Wakafanya kazi safi sana, ninakiri, na mgongoni wakaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: kumi na saba.

Naona mikono imeshashika vyuma vya viti kufukuza mkosi. Shikeni tu, nitaitaja tena.

Maana wao kule wanaogopa kumi na tatu. Wangejuaje kwamba Catello wetu, aliyekuwa akiandika namba, hawezi kuiandika namba ile ya mkosi hata ukimtishia bunduki? Kliniki ya hapa, mtu akijikuta wa kumi na saba kwenye foleni, ghafla anakuwa mpole sana na kumwambia aliye nyuma yake atangulie. Catello aliiruka kama sisi sote tunavyoiruka, wala hakuna aliyeuliza. Na wewe, Don Saverio, uliyezaliwa mtaa wa kanisa, ambaye nyumba yako mwenyewe imeandikwa kumi na sita bis, yaani kumi na sita ya pili, ili kuikwepa namba ile, uliwakabidhi ramani ile bila hata kuifunua. Hesabu yako ilikuwa nzuri. Dereva wako akilete Jumapili tukiwa misani, akiegemeze pamoja na vyetu, migongo yote inafanana, sisi tukilaze kwenye chokaa bila kujua, na kitambaa kikimenywa uwe umeshakauka karibu na Aleksanda milele.

Jumatatu asubuhi naingia, namkuta Catello amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Orsola, umekiona kile?"

"Kipi?"

"Kile pale. Usinifanye nikitaje."

"Mimi sijaona kitu, Catello. Na wewe hujaona kitu."

Tukafanya kazi siku nzima hatujaona kitu. Kesho yake kilikuwa kimevikwa pembe nyekundu ya kufukuzia mkosi. Siku iliyofuata kikaongezwa vitunguu saumu. Catello akaanza kuzungukia nje ya jengo, mvua inanyesha, ili tu asipite karibu nacho akienda kuchukua maji. Vipande vyote vilivyokuwa ukutani vikalazwa kimoja kimoja, mpaka kikabaki kile peke yake, na vitunguu vyake, na hakuna mtu aliyeuliza kimetoka wapi wala ni cha nani. Ukumbi uliojaa watu wazima.

Fundi Ermelinda alikuwa hospitali kwa ajili ya goti. Aliporudi, na fimbo yake, aliingia akasimama mbele yake.

"Hiki nini?"

Mtu mmoja akakohoa.

"Nauliza hiki nini. Mchoro wangu hauna kipande hiki. Catello?"

"Mama, mimi nina watoto."

Akatucheka wote. Akaniambia nichanganye chokaa kidogo kwenye kasha la mbao, nami nikachanganya, mkono mmoja ukiwa kwenye koleo na mwingine kwenye msumari wa chuma mfukoni. Tukakigeuza, tukakigonga, akakilowesha kitambaa, akaanza kukimenya polepole kutoka chini. Ikatokea kwato. Ukatokea mkanda wa askari, umefanywa vizuri mno. Ukatokea mkuki. Halafu yakatokea masharubu. Na juu ya masharubu, chini ya kofia ya vita, ikatokea miwani.

Askari wa Aleksanda, ndugu zangu, amevaa miwani ya kusomea.

Catello alikaa chini akashika tumbo. Sisi wengine tulicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi Ermelinda hakucheka tena. Alikitazama muda mrefu, akasema, "Fundi wao anajua kazi," akaagiza kipande kifungwe kwenye blanketi na kurudishwa kwa mwenyewe bila neno. Neno tulilipeleka sisi. Kufikia jioni lilikuwa baa ya kituoni, na kufikia asubuhi lilikuwa sokoni.

Ndipo Don Saverio akaja na kufuli jipya. Kazi ilikuwa imekwisha, hata vumbi tulikuwa tumeshafagia, naye akafunga. Akamwambia Meya mlangoni pale, nilikuwepo, "Uso wangu uwekwe, au mtatembea juu ya vita vyenu ndotoni." Meya alibembeleza. Baba Paroko alibembeleza. Majira ya joto yakapita, zabibu zikavunwa, mwanawe Fundi akapiga simu kutoka Torino kusema chumba kiko tayari, na mlango umefungwa. Mnadhani ilikuwa ikimuumaje mama huyu kupita nje ya ukuta huu kila siku akienda kununua mkate? Hakulalamika. Alikuwa anaugusa ukuta kwa fimbo yake anapopita, basi.

Wiki mbili zilizopita akanigongea. "Nishike mkono, tunakwenda kwa Saverio."

Ngazi za kwa Don Saverio mnazijua. Alizipanda akipumzika kila hatua, jasho linamtoka, hataki kusaidiwa. Tulipofika dada yake Don Saverio alitufungulia, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kile kipande. Dada mtu amekiweka chini kushikilia mlango wa barazani upepo usiupige. Masharubu yanatazama bahari.

Don Saverio alikuwa tayari amekasirika. "Umekuja kuniomba?"

"Nimekuja kukaa. Nipe kiti."

Akapewa kiti.

"Kwa nini kila mtu anaweza kuwemo mle isipokuwa mimi?"

"Hakuna aliyemo. Hata Mtakatifu Anna nilimkatalia."

"Ni picha tu, Ermelinda."

"Kama ni picha tu, mbona umefunga mlango?" Kisha akamwambia kwa sauti ileile ya taratibu, "Saverio, umeitazama vizuri lakini? Katika vita vyote vile kuna mtu mmoja tu anayeutazama uso wake mwenyewe. Yule Mwajemi aliyeanguka, anajiona kwenye ngao yake inayong'aa. Naye gurudumu la gari linakuja juu yake."

Nikamsikia dada mtu akicheka jikoni. Mimi nilikuwa nimekaza misuli, nina maneno yangu tayari, mazuri, niliyapanga njia nzima. Lakini Don Saverio hakupiga kelele. Alivua miwani akaifuta. Akasema, "Baba yangu alilijenga jengo lile. Mimi ndiye niliyelifunga. Sina mtoto, unajua. Mtakapoanza kucheza harusi zenu mle ndani, nani atajua kwamba nilikuwepo?"

Nisamehe kuyasema haya hadharani, Don Saverio. Nayasema kwa sababu siku ile niliyasahau maneno yangu yote.

Fundi Ermelinda akasema, "Yule aliyeitengeneza ile ya kwanza, kazi kama ile, jina lake hatulijui. Hata herufi moja. Na sisi tumepiga magoti miaka mingi kumfuata." Kisha akanyoosha mkono, akala kiapo, na mimi masikio yangu yalisikia. "Fungua mlango Jumapili. Naapa kwa Mtakatifu Anna, uso wako utakuwa ndani ya lile pengo, mbele kabisa, na kila mtu atauona."

Don Saverio alimkodolea macho. Mimi pia. Tukishuka ngazi nilishindwa kujizuia. "Mama, umeapa nini? Umekataa miaka yote, leo umeliuza pengo?"

"Nishike vizuri," akasema, "ngazi hizi mbaya." Hakuniambia zaidi.

Basi leo alfajiri nimefika hapa nikiwa na hasira, siwezi kuficha. Nikawakuta yeye na Catello wanapanga viti. Yeye amekaa, anaelekeza kwa fimbo, na Catello amepiga mstari wa chaki na anaufuata. "Kiti hicho kirudi nyuma, mguu umetoka nje. Hapo kwenye farasi sitaki kiti." Nikasimama nikatazama. Ilinichukua muda kuelewa, mimi niliyeimwaga chokaa ile kwa mikono yangu.

Ndugu zangu, mlipoingia mmepita juu ya wapanda farasi na viatu vyenu vya Jumapili, wengine mnanyata kama mnaogopa kuwaamsha. Lakini hapo mlipokaa, je, kuna aliyetazama? Inua miguu, Mheshimiwa Meya. Unaona rangi gani? Kijivu. Na wewe, Baba Paroko? Kijivu. Viti vyote vya ukumbi huu viko ndani ya lile pengo, hakuna mguu wa kiti uliotoka nje. Kushoto kwenu kwato za farasi wa Aleksanda, kulia kwenu mikuki ya Waajemi, na katikati, mahali ambapo hakuna ajuaye palikuwa na nyuso za akina nani, leo kuna zenu.

Don Saverio, acha kutafuta chini. Uso wako upo. Upo mstari wa mbele, kama ulivyoapiwa, na sisi sote tunauona. Umekaa kati ya muuza samaki na mama aliyekufungashia tambi tangu ujana wake, na miwani umevaa. Jumamosi ijayo watu wataoana humu, na pengo litakuwa na nyuso nyingine, na siku nyingine nyingine tena, za watoto ambao bado hawajazaliwa. Na kila mmoja wao ataambiwa jengo hili alitoa nani, maana mji huu mnaujua, hauwezi kunyamaza, na hadithi ya masharubu yale itakuwa bado inasimuliwa wakati mimi na wewe tumeshasahaulika makaburini. Fundi Ermelinda hajamdanganya mtu yeyote. Hajawahi.

Sasa nakuomba kitu kimoja, nakuomba kwa heshima. Jumanne ana treni.

Don Saverio anasimama. Mpisheni. Hapana, Mama, wewe usisimame, magoti hayo, atakuja yeye.

Mmeona wenyewe. Ameuweka ufunguo kiganjani mwa Fundi na amekifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Catello, wacha kulia, unatia aibu karakana. Na Fundi anasema kitu, ngojeni nimsikilize. Anasema, Saverio, rudi ukakae, umeacha pengo.

Nawashukuru wote mliokuja, mliofanya kazi, mliotulisha, na mliotoa vigae vyenu kwa hiari au bila hiari. Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Mchuzi unawangoja. Mkitoka msinyate, na msipite pembeni. Kanyageni popote mnapotaka, mama huyu awaone. Ni sakafu.